Jinsi ya Kupata Nyuso Laini Zilizopinda Unaporenda Modeli za CAD

Silinda iliyochorwa kwa usahihi wa sehemu ya elfu ya milimita inaweza kutoka kwenye picha ikiwa na pande kama za penseli. Tufe nalo hutoka kama jiwe lililochongwa kwa haraka, na bomba lililopinda huonekana kana kwamba limeungwa kwa vipande vifupi vya bati. Anayekutana na kasoro hii kwa mara ya kwanza hudhani amekosea kuchora, au kwamba kompyuta yake ni dhaifu, na mara nyingi huanza kupandisha kila namba inayohusiana na ubora mpaka programu inashindwa kusogea. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: kasoro itambuliwe kwanza iko katika tabaka gani la modeli, ndipo irekebishwe palepale ilipo.

Matabaka hayo ni matatu. La kwanza ni umbo la kihisabati. Programu nyingi za CAD, yaani za kuchora na kubuni kwa kompyuta, huhifadhi silinda kama mhimili na nusukipenyo, na nyuso huru huzihifadhi kwa milinganyo ya aina ya NURBS, inayoelezea mikunjo kwa nukta chache za udhibiti, kwa hiyo katika tabaka hili duara ni duara kweli. La pili ni wavu. Kadi ya grafiki haijui kuchora silinda, inajua kuchora pembetatu. Hivyo kabla ya kuonyesha chochote programu hutandaza juu ya umbo halisi wavu wa pembetatu bapa, na wavu huo ndio unaorendwa, yaani ndio unaokokotolewa mwanga, vivuli na rangi hadi kuwa picha. La tatu ni normali, ambazo ni mishale ya kufikirika inayosimama wima juu ya uso na kuiambia programu mwanga uanguke kwa pembe gani katika kila sehemu. Umbo likiwa sahihi, wavu ukiwa na matundu madogo ya kutosha na normali zikiwa zimepangwa vizuri, uso utatoka laini. Tabaka moja likiwa na hitilafu, kurekebisha mengine mawili hakutasaidia kitu.

Hatua ya kwanza: Isome kasoro kabla ya kugusa mpangilio wowote

Renda picha ndogo ya majaribio, kisha ikuze kwenye skrini na uanze kuangalia mstari wa nje wa umbo, pale uso unapokutana na mandhari ya nyuma. Mstari huo ukiwa na kona zinazohesabika, ilhali sehemu ya ndani ya uso inaonekana laini, wavu una matundu makubwa mno. Kinyume chake, mstari wa nje ukiwa mzuri lakini ndani kukaonekana mabaka bapa yenye mipaka mikali ya mwanga, tatizo ni normali. Yote mawili yakitokea kwa pamoja, anza na wavu, kwa sababu wavu ukishakuwa na vipande vingi mabaka nayo hupungua na unaweza kuyapima upya.

Ipo pia kasoro inayofanana na hizo lakini haihusiani na modeli hata kidogo, nayo ni ngazi ndogo za pikseli kwenye kingo za mshazari. Namna ya kuitofautisha ni rahisi: isogelee modeli kwa kamera na urende tena. Kona za wavu zitakua pamoja na modeli, lakini ngazi za pikseli zitabaki na ukubwa uleule wa pikseli moja moja, kwa kuwa asili yake ni picha. Hizo zitashughulikiwa katika hatua ya mwisho.

Dalili nyingine tatu hujificha zaidi. Mpaka wa kivuli kwenye tufe ukiwa na meno kama ya msumeno, ingawa uso wenyewe unaonekana laini, maana yake normali zinadai uso umepinda huku wavu ulio chini yake ukiwa bado na vipande vikubwa. Taswira inayoakisiwa juu ya uso unaong'aa ikivunjika ghafla mahali nyuso mbili zinapoungana, kasoro iko katika umbo la kihisabati, na wavu hauna hatia. Na ikiwa uso una mikanda myembamba ya rangi inayofuata mwelekeo wa mwanga badala ya kufuata mistari ya wavu, lawama ni ya faili la picha. Nasisitiza hatua hii kwa sababu niliwahi kupoteza siku nzima nikiongeza vipande kwenye kifuniko cha chombo fulani, huku kila toleo likirudi na kona zilezile mahali palepale. Chanzo kilikuwa mchoro wa awali, na hakuna mpangilio wa kurenda ambao ungeweza kuugundua.

Hatua ya pili: Hakikisha kwamba umbo lenyewe ni la mviringo

Bofya uso unaotiliwa shaka. Programu ikichagua silinda yote kama uso mmoja, au kuigawa nusu mbili tu, umbo liko salama. Ikichagua ukanda mwembamba mmoja kati ya mingi, modeli imejengwa kwa nyuso bapa tangu mwanzo, na programu inaonyesha kwa uaminifu kile ilichopewa. Kipimo kingine ni kuiuliza programu nusukipenyo cha ukingo uliopinda: tao la kweli litatoa jibu, lakini mstari wa vipande vilivyonyooka utatoa urefu wa kipande kimoja tu.

Hali hii hutokea zaidi kwa michoro iliyopitia mikono mingi. Faili la DXF, muundo wa kubadilishana michoro kati ya programu, lililohifadhiwa kwa mpangilio wa zamani huweza kugeuza mikunjo huru kuwa mistari ya vipande vilivyonyooka. Picha iliyofuatishwa kwa zana ya kubadili pikseli kuwa mistari hufanya vivyo hivyo. Na modeli iliyopakuliwa ikiwa tayari wavu haina tena kumbukumbu ya duara lililoizaa. Dawa ni kuchora upya. Weka tao linalopita kwenye nukta tatu za mstari wa zamani, au mkunjo mmoja wenye nukta chache za udhibiti, kisha inua au zungusha umbo upya kutoka hapo. Kazi hii huonekana ndefu, lakini kwa sehemu za kawaida za mashine au samani huchukua muda mfupi kuliko kujaribu kulainisha wavu mbovu.

Kabla ya kuondoka hapa, tazama modeli iko umbali gani kutoka nukta sifuri ya mfumo wa majira, yaani namba zinazoonyesha mahali kila nukta ilipo. Michoro ya majengo na barabara mara nyingi huwekwa kwenye majira ya ramani, mamia ya maelfu ya mita kutoka sifuri. Umbo huhifadhiwa kwa namba zenye usahihi mkubwa, lakini kadi ya grafiki kwa kawaida hutumia namba za biti 32, ambazo zina tarakimu kama saba tu za kuaminika. Kwa umbali wa mita 500,000, hatua ndogo kabisa ambayo namba hiyo inaweza kuitofautisha ni takribani milimita 31, kwa hiyo ncha za pembetatu huruka kutoka nafasi moja hadi nyingine, na nguzo ya mviringo huonekana imepondwa. Sogeza nakala ya modeli karibu na sifuri kabla ya kurenda, na tatizo litatoweka bila kugusa kitu kingine.

Hatua ya tatu: Piga hesabu ya vipande unavyohitaji

Watu wengi hukisia hapa, na ndiyo sababu mafaili yao huwa mazito bila faida. Chukua duara lenye nusukipenyo cha milimita 50 lililogawanywa vipande 24. Kila kipande ni mstari mnyoofu, na katikati yake mstari huo huwa umeachana na tao halisi kwa kiasi fulani, ambacho hapa tutakiita mkengeuko. Ili kuupata, gawanya nyuzi 180 kwa idadi ya vipande, tafuta kosaini ya pembe hiyo, itoe kwenye 1, kisha zidisha jibu kwa nusukipenyo. Kwa vipande 24 mkengeuko ni milimita 0.43, kwa vipande 72 hushuka hadi 0.048, kwa vipande 144 hufika 0.012. Utaona kwamba kila unapozidisha idadi ya vipande mara mbili, mkengeuko hupungua mara nne, na hiyo ni habari njema kwa kuwa ulaini hupatikana mapema kuliko watu wanavyodhani.

Lakini anayetazama picha haoni milimita, anaona pikseli. Kwa hiyo jiulize duara hilo litakuwa na nusukipenyo cha pikseli ngapi kwenye picha ya mwisho, kisha tafuta kipeuo cha pili cha namba hiyo na uzidishe kwa 3.14. Jibu ni idadi ya vipande inayoufanya mkengeuko usizidi nusu pikseli, na nusu pikseli ni vigumu sana kwa jicho kuigundua. Duara lenye nusukipenyo cha pikseli 100 linahitaji vipande 32 hivi; la pikseli 400 linahitaji 63; la pikseli 1,000, ambalo linajaza karibu kimo chote cha picha ya 4K, linahitaji 100 hivi. Kwa picha itakayochapishwa na kutazamwa kwa karibu, zidisha kwa 1.4 na utakuwa umeushusha mkengeuko hadi robo pikseli. Kupita hapo ni kuilisha kompyuta pembetatu ambazo hakuna atakayeziona.

Gharama ya kupita kiasi huonekana wazi kwenye tufe, ambalo hugawanywa pande mbili kwa pamoja. Tufe lenye vipande 24 kuzunguka na 12 kwenda juu lina pembetatu zaidi kidogo ya 500, lakini lile la vipande 144 kwa 72 lina zaidi ya 20,000. Tufe moja si kitu. Boliti 300 zenye vichwa vya mviringo, kila moja ikiwa na wavu wa aina hiyo, zinatosha kuifanya kazi nzima ikwame. Sehemu iliyo mbali na kamera ipewe vipande vichache na iliyo karibu ipewe vingi, hata kama ni kitu kilekile.

Jambo la mwisho katika hesabu hii ni kwamba programu nyingi hukuruhusu kuweka mipaka miwili, mmoja wa umbali na mwingine wa pembe kati ya vipande jirani, na kila mmoja una kazi yake. Ukiweka mpaka wa umbali peke yake, kwa mfano milimita 0.5, duara la nusukipenyo cha milimita 1 linaweza kutoshelezwa na vipande vitatu au vinne, yaani kona ndogo ya mviringo itageuka mkato bapa. Ukiweka pembe peke yake, kwa mfano nyuzi 15, paa la mviringo lenye nusukipenyo cha mita 5 litaruhusiwa mkengeuko wa zaidi ya sentimita 4. Pembe hulinda mikunjo midogo, umbali hulinda mikubwa, na modeli yenye vyote viwili inahitaji mipaka yote miwili.

Hatua ya nne: Weka vigezo katika programu unayotumia

Katika AutoCAD kigezo kikuu cha maumbo mango ni FACETRES, ambacho hupokea thamani kuanzia 0.01 hadi 10 na huanza kikiwa 0.5. Andika jina lake kwenye mstari wa amri, weka 2 au 4, kisha toa amri ya REGEN ili wavu utandazwe upya. Kigezo hiki hufanya kazi kwa kushirikiana na VIEWRES, ambayo hutawala ulaini wa maduara na matao kwenye skrini na hupokea thamani kuanzia 1 hadi 20,000. FACETRES ikiwa 2, wavu wa maumbo mango huwa na ulaini mara mbili ya ule uliowekwa na VIEWRES. Kwa hiyo mtu aliyerithi faili lenye VIEWRES ya chini anaweza kupandisha FACETRES na bado asiridhike, mpaka arekebishe zote mbili. Sioni haja ya kwenda moja kwa moja hadi 10, kwa sababu faili lenye sehemu nyingi huanza kusuasua kabla ya hapo.

Mambo mawili huwapotosha watumiaji wa AutoCAD. ISOLINES, ambayo huanza na 4, huongeza tu mistari inayochorwa juu ya umbo katika mwonekano wa waya, na haina athari yoyote kwa picha iliyorendwa. SURFTAB1 na SURFTAB2, ambazo huanza na 6, huamua idadi ya vipande vya nyavu zinazotengenezwa kwa amri kama REVSURF na RULESURF, lakini zinasomwa wakati wa kutengeneza tu. Wavu ukishakuwepo, kuzibadilisha hakuugusi. Utalazimika kuufuta wavu, kupandisha namba hizo, na kuutengeneza upya.

Rhino huweka mipangilio ya wavu wa kurenda katika sifa za hati, sehemu iitwayo Mesh. Kuna chaguo la haraka lenye kingo chakavu, chaguo la polepole lililo laini, na la tatu la kujipangia mwenyewe. Mimi hupendelea la tatu: weka pembe ya juu kabisa kati ya nyuzi 5 na 10, kisha weka umbali wa juu kabisa kati ya ukingo na uso kwa kutumia hesabu ya hatua iliyotangulia, ukikumbuka kwamba unasomwa kwa kipimo cha hati, milimita au mita. Hakikisha chaguo la mishono yenye kingo chakavu limezimwa, la sivyo nyavu za nyuso mbili zilizoungana hazitakutana sawasawa na mwanya mwembamba utaonekana kati yao. Kitu kimoja kikihitaji ubora wa pekee, unaweza kukipa mipangilio yake binafsi bila kuilemea hati nzima.

Katika SolidWorks nenda kwenye sifa za hati, sehemu ya ubora wa picha, na usogeze kidhibiti cha mwonekano wenye kivuli kuelekea ubora wa juu huku ukitazama thamani ya mkengeuko ikishuka. Mpangilio huu ni wa hati moja. Ukiwa ndani ya mkusanyiko wa sehemu nyingi, weka alama kwenye chaguo la kuutumia kwa sehemu zote zinazorejelewa, maana bila hivyo kila sehemu hubaki na ubora ilioachwa nao. FreeCAD huhifadhi vigezo viwili kwenye kichupo cha mwonekano cha kila kitu: Deviation, ambayo ni asilimia ya ukubwa wa kitu, na Angular Deflection, ambayo ni nyuzi. Vyote viwili vinalainisha vikishushwa, kinyume na FACETRES, na kinyume hicho kimewachanganya wengi wanaohama kutoka programu moja kwenda nyingine.

SketchUp na OpenSCAD ni za jamii tofauti kwa kuwa mviringo ndani yake ni poligoni tangu unapochorwa. SketchUp hulipa duara pande 24. Ukishachukua zana ya duara, andika kwa mfano 96s kisha bonyeza kitufe cha kuingiza, kabla ya kuliinua duara kuwa silinda. Zana yake ya kulainisha kingo huficha mistari ya ndani lakini haigusi mstari wa nje, kwa hiyo silinda ya pande 24 iliyolainishwa bado itaonyesha kona kwenye mdomo wake. Katika OpenSCAD vigezo vya awali ni $fa (pembe ndogo kabisa ya kipande) ya 12 na $fs (urefu mdogo kabisa wa kipande) ya 2, maana yake hakuna duara litakalopata zaidi ya vipande 30 hata likiwa kubwa namna gani. Weka $fn, yaani idadi kamili ya vipande, kwa duara husika, au shusha $fa na $fs kwa pamoja ili kila duara lipate vipande kulingana na ukubwa wake. Njia ya pili ndiyo bora, maana $fn ya 100 iliyowekwa juu kabisa ya faili hutoa vipande 100 hata kwa tundu la skrubu.

Hatua ya tano: Panga normali na pembe ya ulainishaji

Wavu hata ukiwa mzuri hubaki wa vipande bapa, na kinachovifanya vionekane kama uso mmoja ni hila ya zamani. Mwaka 1971 Henri Gouraud, akiwa Chuo Kikuu cha Utah, alionyesha njia ya kukokotoa mwanga kwenye ncha za pembetatu na kuusambaza ndani yake. Miaka michache baadaye Bui Tuong Phong, katika chuo hichohicho, alipendekeza zisambazwe normali zenyewe na mwanga ukokotolewe kwa kila pikseli. Programu za leo bado zinatumia mawazo hayo. Katika AutoCAD, kwa mfano, VSLIGHTINGQUALITY ikiwa 0 kila kipande huonekana bapa, na ikiwa 1 au 2 mwanga husambazwa.

Uamuzi unaokuhusu ni pembe ya ulainishaji, yaani kikomo cha pembe kati ya vipande viwili jirani ambacho kikipitwa, ukingo kati yao utahesabiwa kuwa mkali. Nyuzi 30 ni thamani ya kuanzia inayofaa kazi nyingi. Pembe kati ya vipande jirani vya silinda ni 360 gawanya kwa idadi ya vipande: silinda ya vipande 24 ina nyuzi 15 na italainishwa, lakini ya vipande 8 ina nyuzi 45 na itabaki na mabaka. Mtu huweza kushawishika kupandisha kikomo hadi nyuzi 60 au 80 ili kuiokoa hiyo ya vipande 8. Usifanye hivyo, kwa sababu kingo zilizokusudiwa kuwa kali zitaanza kulainishwa nazo, na nyuso bapa zitapata madoa ya kijivu yanayofifia kutoka kwenye kona kana kwamba bati limebonyea. Rudi kwenye wavu, ongeza vipande, na ukiache kikomo mahali pake.

Katika Blender, ambako modeli nyingi za CAD huishia kurendwa, bofya kitu kwa kitufe cha kulia na uchague Shade Auto Smooth. Kuanzia toleo la 4.1 ulainishaji huu umekuwa miongoni mwa virekebishi, na hauko tena mahali pake pa zamani kwenye data za wavu, kwa hiyo maelezo ya miaka iliyopita yatakupeleka kwenye kisanduku ambacho hakipo.

Hatua ya sita: Hamisha modeli bila kuivunja

Ikiwa programu ya kurenda inaweza kusoma STEP, tumia STEP, kwa sababu faili hilo hubeba umbo la kihisabati na wavu utatandazwa upya huko uendako kwa ubora utakaoutaka. Isipowezekana, chagua OBJ, FBX au glTF, ambayo ni miundo ya faili inayobeba wavu, na uhakikishe chaguo la kuhifadhi normali limewashwa.

STL liwe kimbilio la mwisho. Muundo huo, uliobuniwa mwaka 1987 kwa ajili ya mashine za kuchapa vitu vya pande tatu, huandika kila pembetatu peke yake ikiwa na ncha zake tatu na normali moja. Haujui kwamba pembetatu mbili jirani hushirikiana ncha, na hata kipimo cha urefu hauandiki. Ukilazimika kuutumia, unganisha kwanza ncha zinazolingana baada ya kuliingiza faili, kwa amri ya kuunganisha kwa umbali katika Blender au Weld katika Rhino, ndipo ulainishe. Ukilainisha kabla ya kuunganisha hakuna kitakachobadilika, na hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Hatua ya saba: Chunguza maungio ya nyuso zinazong'aa

Rangi isiyong'aa husamehe mengi. Kromu na rangi ya gari hazisamehi. Nyuso mbili zinaweza kugusana tu, au kugusana na kuwa na mwelekeo mmoja, au kuwa na mwelekeo mmoja na kiasi kilekile cha kupinda pale zinapokutana. Viwango hivi huitwa G0, G1 na G2. Kona ya kawaida iliyoviringishwa kwa nusukipenyo kimoja ni ya G1: mkono hauhisi mshono, lakini mstari wa taa unaoakisiwa juu yake hupinda ghafla, kwa sababu uso hutoka kwenye ubapa na kuingia kwenye mviringo bila mpito.

Tumia zana ya milia ya pundamilia, iitwayo Zebra katika Rhino na kupatikana pia katika SolidWorks na AutoCAD. Milia ikikatika kwenye mshono na kuanzia pengine, ni G0. Ikikutana lakini ikawa na kiwiko, ni G1. Ikipita bila kuonyesha mahali pa mshono, ni G2 au zaidi. Badilisha uviringishaji wa kawaida kwa ule unaofuata kiasi cha kupinda, lakini kwa nyuso zitakazokaa mbele ya kamera tu, maana huongeza ugumu wa kuhariri. Uhakiki huu ufanywe wavu ukiwa tayari una vipande vya kutosha, la sivyo milia itavunjika kwa sababu ya wavu na utaurekebisha mshono usio na kosa.

Hatua ya nane: Renda na uhifadhi

Ngazi za pikseli ulizozitenga katika hatua ya kwanza huondolewa kwa kuongeza sampuli za kila pikseli, au kwa kurenda picha yenye ukubwa mara mbili na kuipunguza. Meno kwenye mpaka wa kivuli yakibaki, ongeza vipande vya kitu kile pekee. Cycles, injini ya kurenda ya Blender, ina pia kidhibiti cha kusogeza mpaka wa kivuli, ambacho hufaa pale wavu usipoweza kuongezwa.

Mikanda ya rangi huja mwishoni kabisa, kwa kejeli, pale uso unapokuwa laini kupita kiasi. Picha ya biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na tufe kubwa lenye mwanga unaofifia polepole huweza kutumia ngazi 20 kati ya hizo kwenye upana wa pikseli 2,000, hivyo kila ngazi huwa ukanda wa pikseli 100. Hifadhi kwa PNG ya biti 16 au EXR, fanya marekebisho yote ya rangi humo, na unaposhusha kwenda biti 8 kwa ajili ya kutuma, ongeza chembechembe kidogo za kelele ili mipaka ya mikanda ivunjike.